Jibini Tisa kwa Celedonio

Villar del Cardo,
13 Februari

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na busu mbili, moja kwa kila shavu. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, au angalau unalalamika kwa nguvu, maana wewe ukinyamaza ndipo tunapoingiwa na wasiwasi. Nyonga inasemaje? Usingizi unakuja? Na ile supu ya dada Visitación isiyo na kitunguu saumu, unaimeza, au unamwagilia maua yake ya barazani kama ulivyofanya Krismasi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kondoo nao wazima. Wamezaa kumi na wanne tangu uondoke, wawili kati yao mapacha, na yule jike mweusi mkorofi alinipiga kichwa gotini mbele ya padri, nikatoa neno ambalo padri alijifanya hakulisikia. Baridi ni ile ile ya kukata masikio. Jirani yetu Obdulia anauliza utarudi lini mmalize mchezo wa karata mliouacha katikati. Anasema karata zako bado ziko mezani kwake, zimelala kifudifudi, na hajazichungulia. Mimi najua amezichungulia.

Ningekupigia simu, lakini tunajua sote simu zetu zinavyokwenda: napaza sauti mpaka kuku wanaruka, wewe unanijibu, "Eee, huku mvua haijanyesha," halafu unakata. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Soma mwenyewe, Baba, usimpe Visitación akusomee. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie ni habari za kondoo. Ikibidi, jifungie bafuni.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Visitación ameniambia kwamba upasuaji wako umepangwa Alhamisi ijayo, na kwamba umekataa kutia sahihi. Anasema daktari alikueleza vizuri kabisa kwamba bila kuwekewa nyonga mpya hutatembea tena, utakuwa mtu wa kitandani na kitini, na kwamba ukiipoteza nafasi hii haijulikani utaipata lini nyingine. Nawe ukajibu kwamba haya, iwe hivyo. Visitación anadhani unaogopa kisu. Lakini alinitajia maneno uliyomwambia daktari. Yeye hakuyaelewa. Mimi niliyaelewa mpaka nikaketi chini sakafuni na simu mkononi. Ulimwambia, "Daktari, mimi nimefuga mbwa wengi. Aliyeshindwa kukimbia sikumpa nafasi ya pili. Kwa nini nipewe mimi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Nina jambo la kukuambia kuhusu mbwa hao, na naomba univumilie nianzie mbali, maana nikianzia karibu utaichana karatasi kabla hujafika mwisho.

Unamkumbuka Jara. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Januari, miaka minane iliyopita, kwenye mashamba ya ngano nyuma ya kinu cha zamani. Sungura alitoka kichakani, mbwa wa mwindaji mwenzako Primitivo, galgo mwembamba wa mbio kama wetu, akamfuata nyuma kwa nyuma, kila kona aliyokata sungura naye akaikata, kama mnavyotaka ninyi. Jara wako alikimbia nusu ya njia, akasimama, akafikiri, kisha akakatiza katikati ya shamba na kwenda kumsubiri sungura pale alipojua atatokea. Akamkamata bila hata kuhema. Kwa mtu wa kawaida, huyo ni mbwa mwenye akili. Kwa ninyi wawindaji ni mbwa mchafu, mbwa mwizi wa mbio, na aibu yake inampanda mwenye mbwa. Primitivo hakungoja hata mfike barabarani, akaanza kukudhihaki pale pale. Na jioni, pale baa, akarudia mbele ya watu wote: "Eutimio, huyo mbwa wako mtafutie kazi benki! Anajua kupata bila kutoka jasho!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ukamaliza kinywaji chako, ukavaa kofia, ukarudi nyumbani. Kesho yake ukaniambia, bila kunitazama, nimpeleke Jara kwa Celedonio.

Hakuna asiyejua hapa kijijini maana ya kumpeleka mbwa kwa Celedonio. Zamani kazi hiyo uliifanya mwenyewe, wewe na kamba yako, kwenye tawi la mzeituni. Lakini vidole vilikuwa vimeshapinda kwa baridi yabisi, fundo hukuweza kulikaza tena, na Celedonio aliwafanyia wote wasioweza au wasiotaka. Msimu ukiisha, mbwa asiyefaa anapelekwa kwake pamoja na jibini nzima ya kondoo kuwa ahsante. Mbwa harudi, na mezani halizungumzwi. Ulinipa Jara, ukanipa jibini, ukaingia zizini ukafunga mlango.

Celedonio nilimkuta uani kwake amekalia ndoo iliyopinduliwa. Unajua alivyo, mwanamume kama kabati, sauti ya kutishia fahali. Akamtazama Jara. Jara naye akamtazama, kisha akaenda kumwegemea gotini kwa uzito wake wote, kama galgo wanavyofanya. Na Celedonio akaanza kulia, Baba. Celedonio! Akaniambia, "Casi, mwanangu, mimi siwezi tena. Tangu mke wangu Leocadia afariki siwezi. Ila usimwambie mtu, watanicheka mpaka nihame."

Nikamuuliza, basi mbwa wa wenzenu wote walioletwa msimu ule alikuwa amewapeleka wapi. Akafuta pua kwa kofia, akaniongoza hadi nyumba ya marehemu mama mkwe wake, ile yenye madirisha yaliyofungwa mwaka mzima. Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema nyumba ile ina mzuka anayetazama televisheni? Mzuka mwenyewe ni galgo watatu juu ya kitanda cha marehemu, wamejifunika shuka zake za harusi, na televisheni imefunguliwa sauti yote ili wakibweka wasisikike. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilipomuuliza atawaficha mpaka lini, akasema kwamba yeye katika mambo haya hajawahi kufikiria zaidi ya wiki moja.

Aliyefikiria ni Begoña, daktari wa mifugo, yule uliyempa jina la Binti Mjini kwa sababu aliingia zizini kwetu na viatu vyeupe. Begoña alikuwa na watu wake Ubelgiji, katika mji wa Ghent, wenye chama cha kuwatafutia nyumba mbwa wetu. Huko, Baba, watu wanaandikisha majina kumngoja galgo wa huku kwetu Mancha kama sisi tunavyongoja zamu kwa daktari wa meno. Wewe ungewaita wendawazimu, na mimi pia niliwaita hivyo siku ya kwanza. Begoña akatuambia hakuna kuvusha mbwa kienyeji. Kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi ya shingo, halafu kupimwa damu, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu siku ishirini na moja za kungoja, ndipo asafiri na pasipoti yake. Ndiyo, pasipoti, kijitabu cha buluu chenye jina na picha. Celedonio aliishika ya Jara kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mimi nina miaka sitini na sita sijawahi kuwa nayo, halafu huyu mchafu anayo!"

Siku ishirini na moja hizo zilikuwa ndefu kuliko Kwaresima nzima. Jara alijifunza kufungua friji la marehemu. Mmoja wa wenzake akala Biblia mpaka kitabu cha Waamuzi. Obdulia alikwenda kwa padri kuomba nyumba ile ibarikiwe, kwa sababu mzuka sasa alikuwa anaburuta viti, na padri akaja kweli, akanyunyiza maji mlangoni, huku Celedonio amesimama nyuma yake anakohoa kwa nguvu ili kufunika mikwaruzo ya makucha.

Wewe unajua kwamba kila Machi napeleka jibini kwenye maonyesho ya kaskazini. Sikukudanganya kabisa. Jibini nilipeleka. Ila nyuma ya jibini kulikuwa na mbwa wanne.

Pale Irún kwa kawaida hakuna anayekuuliza kitu, unavuka daraja tu na upo Ufaransa. Mwaka ule wa kwanza, kwa bahati yangu, askari wa Kifaransa alinipungia mkono nisimame kando. Akaniuliza nimebeba nini. Kwa Kifaransa changu cha shule nikamjibu kwamba nimebeba jibini na mbwa. Akasema vitu hivyo viwili hajawahi kuvisikia kwenye gari moja, akaomba nifungue. Nikafungua. Jara alikuwa ameshatoka kwenye kizimba chake, sijui alifanyaje, amejilaza katikati ya masanduku kama mwenye duka, na jibini mbele yake imebaki nusu. Yule askari hakucheka. Akachukua pasipoti zote nne akazikagua moja moja, anatazama picha, anatazama uso, anatazama picha. Mwisho akanirudishia, akasema, "Mama, karatasi zao ni safi kuliko za madereva wote niliowasimamisha leo. Lakini huyu mmoja ni mwizi." Akakata kipande cha ile nusu, akasema anakichukua kuwa ushahidi.

Huko Ghent, Jara alipokelewa na mzee Wannes na mkewe Godelieve. Wannes aliendesha tramu miaka thelathini na minne na anajua kusubiri. Nasema hivyo kwa sababu Jara hakuwa amewahi kuona ngazi maishani mwake, wala mlango wa kioo. Kioo alikigonga kwa pua mara tatu siku ya kwanza. Ngazi alizikataa kabisa, akatia miguu yote minne sakafuni na kutetemeka. Basi yule mzee, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti akawa anapanda ngazi kwa miguu minne mbele yake, anashuka, anapanda tena, siku kumi na moja, mpaka Jara akaona kwamba kama huyu kibabu anaweza, yeye hashindwi. Sasa ana miaka kumi na miwili. Mdomo umekuwa mweupe na meno yamebaki ya kuhesabu. Analala chali kwenye kochi, miguu juu, bila haya hata kidogo. Wakimpeleka bustanini Jumapili bado anakatiza majani na kwenda kuwasubiri mbele, na Wannes huwaambia wapita njia kwa majivuno, "Mnaona? Huyu wa kwetu anafikiri!"

Sasa umeshaelewa, Baba. Kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Kila Februari ulinipa mbwa na jibini, na kila Machi nilivuka mpaka. Trueno, ambaye ulisema ana moyo wa kuku kwa sababu alikimbia mlio wa bunduki, yuko Uholanzi kwenye shule moja ya watoto wanaoona haya kusoma kwa sauti. Wanamsomea yeye. Analala kwenye zulia, sikio moja juu, na hajawahi kumsahihisha mtu. Zarza yuko Luxembourg kwa mjane mwoka mikate anayefuma sweta, na tayari ana sweta tano. Picha niliyoweka ndani ya bahasha ni ya ile ya manjano. Usicheke. Basi, cheka. Wengine nimekuandikia majina yao na miji yao nyuma ya picha, ili usome taratibu. Brisa wa mwaka huu, uliyenikabidhi asubuhi ile Visitación alipokuja kukuchukua, yuko siku yake ya kumi na mbili ya kungoja. Amelala hapa juu ya miguu yangu ninapoandika, na miguu imekufa ganzi.

Pardo peke yake hakuvuka. Damu yake ilionyesha ule ugonjwa unaoletwa na kuumwa na usubi, ulikuwa umefika kwenye figo, na Begoña hakuweza kitu. Alikufa juu ya blanketi, mchana, kichwa chake kwenye paja la Celedonio, ambaye alikuwa akimwimbia. Nakueleza kwa sababu sitaki kukupa habari njema iliyotiwa chumvi. Mbwa tisa, mmoja amezikwa chini ya mlozi wa Celedonio, mmoja yuko miguuni pangu, saba wako ng'ambo wananenepa. Na Celedonio amekula jibini zako tisa kwa kazi ambayo hakuifanya hata siku moja.

Hapa ningeweza kumaliza na kujifanya binti mwema. Lakini liko lile gumu, na nikiliacha barua hii itakuwa haina kazi.

Ningeweza kukuambia tangu mwaka wa kwanza. Nilikuona, Baba. Kila Februari ulikuwa unaisukuma sahani mbele na kusema huna njaa. Ulikuwa unakwenda kusimama kwenye banda la mbwa, mikono mfukoni, unatazama majani makavu. Nilikuwa nakuona kutoka dirisha la jikoni, na nilikuwa na maneno mawili tu ya kukupoza, "yuko hai", nikayafunga mdomoni. Nilijiambia kwamba naogopa utamtangaza Celedonio. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uumie. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ulipomchukua mbwa wangu Canela, ukarudi peke yako, ukaniambia ametoroka. Nilipiga mluzi mashambani wiki nzima nikimwita. Uliniona, ukaniacha niendelee. Basi na mimi nilikuacha. Miaka minane, kila uliposukuma sahani, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinashiba.

Sikujua kwamba ulikuwa unawabeba wote. Hukuwahi kusema neno, na mimi ni binti yako kweli kweli, kwa hiyo nami sikusema. Ningejua kwamba siku moja utajihukumu wewe kwa hukumu yao, ningekukimbilia zizini siku ile ile nikakwambia. Naona aibu, Baba, na naomba unisamehe. Ya Canela nimekusamehe. Nilikusamehe pale pale sakafuni, Visitación akiwa bado anazungumza kwenye simu na kuniuliza kama nimekatika.

Kwa hiyo sababu uliyompa daktari haipo tena. Walioshindwa kukimbia walipewa nafasi ya pili, na waliipata kutoka nyumbani kwako, kwa gari lako, nyuma ya jibini zako. Kama una sababu nyingine ya kukataa, niandikie na nitaijibu. Kama huna, fungua mlango wa bafu, mwite Visitación akupe kalamu, utie sahihi.

Obdulia anakukumbatia. Begoña anakusalimu, na viatu vyake siku hizi ni vyeusi. Celedonio anatuma salamu kwa kuzungukazunguka, hajui kama utazipokea. Amekaa hapa tangu asubuhi ananiuliza nimefika wapi na barua. Msalimie dada Visitación, shemeji na watoto, na mwambie kitunguu saumu hakijawahi kumuua mtu.

Jumatano nitamwachia Celedonio kondoo na nitakuja, Alhamisi niwe mlangoni utakapoingizwa na utakapotolewa. Ukiwa na hasira nami ni haki yako, na sitakukatiza hata neno moja. Lakini sitaki kugombezwa na mtu aliyeketi kitini, Baba. Kawekwe hiyo nyonga, usimame, unigombeze kwa urefu wako wote.

Ni mimi binti yako akupendaye na aliyekuficha haya yote,

Casilda